Saa Moja Nyuma ya Kamba

Makao ya ndovu yatima yaliyomo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi huwafungulia wageni wa kawaida mlango kwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita mchana. Ndama hushuka kutoka vichakani pamoja na walezi wao, hunywa maziwa kwenye chupa kubwa, hugaagaa matopeni, hujirushia vumbi, kisha hurudi walikotoka. Mgeni husimama nyuma ya kamba. Hapandi mgongoni mwa ndovu, hamwogeshi, hamlishi, na saa ikitimia huombwa aondoke. Wapo wanaolalamika kwamba wamelipa nauli na kiingilio, wamevumilia msongamano wa magari wa Lang'ata, halafu wameonyeshwa ndama kwa muda usiotosha hata kushika majina yao. Malalamiko hayo yanaeleweka. Hata hivyo, naamini ufupi wa saa ile na uwepo wa kamba ile ndivyo vitu vinavyopaswa kumtia moyo mgeni kuliko vyote atakavyoviona pale. Makao ya ndovu waliookolewa yapimwe kwa jinsi yanavyojitayarisha kuachwa na ndovu hao, na kila starehe anayoongezewa mgeni iulizwe kwanza kama inamkaribisha ndama porini au inamchelewesha.

Tuanze na kile alichopoteza ndama anayefikishwa pale. Mimba ya ndovu huchukua miezi 22, na hakuna mnyama mwingine anyonyeshaye mwenye mimba ndefu kama hiyo. Mtoto huzaliwa na uzito wa kilo 100 hivi, na kwa miaka miwili ya kwanza hawezi kuishi bila maziwa. Mama akiuawa na majangili, akifa kwa ukame, au kundi likilazimika kuondoka baada ya ndama kutumbukia kisimani, siku za mtoto huyo zinahesabika. Kwa muda mrefu hata waliomwokota wakiwa na nia njema walimzika. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha hadi akakauka maji mwilini, kwa kuwa tumbo lake haliwezi kusaga mafuta yaliyomo. Daphne Sheldrick, ambaye mumewe David alikuwa msimamizi wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki, alijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Kilichoziba pengo hatimaye kilikuwa mafuta ya nazi. Msomaji wa Pwani, ambaye nazi kwake ni chakula, dawa na mapambo, huenda asishangae, lakini kwa waliokuwa wakipoteza ndama mmoja baada ya mwingine ugunduzi huo ulibadilisha kila kitu. David alifariki mwaka 1977, na mwaka huohuo Daphne akaanzisha shirika ambalo leo linaitwa Sheldrick Wildlife Trust, ndilo linaloendesha makao ya Nairobi. Yeye mwenyewe aliaga dunia Aprili 2018.

Lakini maziwa hayakuwa jibu lote, na hapa ndipo historia hiyo inapofundisha zaidi. Ndama wa kwanza kunawiri kwa maziwa yenye mafuta ya nazi aliitwa Aisha, na alilelewa mwaka 1974. Alikula vizuri, akacheza, akamfuata Daphne kila alikokwenda. Kisha Daphne akasafiri kwa siku chache kwenda kuhudhuria harusi ya bintiye. Aisha aliachiwa mlezi mwingine, maziwa yaleyale, mahali palepale, na bado akakataa kula, akadhoofika, akafa. Ndama aliyekuwa amekwisha kumpoteza mama mmoja alidhani amempoteza wa pili. Kutokana na kifo hicho ikawekwa kanuni inayofuatwa hadi leo: mlezi mmoja hawi kila kitu kwa ndama mmoja. Walezi hubadilishana zamu usiku na mchana. Anayelala na ndama fulani bandani leo, kesho analala na mwingine, na chupa hutolewa kila baada ya saa tatu na mikono tofauti. Ndama hushikamana na kundi zima la watu na ndovu wenzake, ili pengo la mmoja lisimuue. Ukiifikiria vizuri, huo ni ulezi unaojipunguzia umuhimu wake kwa makusudi, na sidhani kama kuna kipimo kigumu zaidi cha upendo wa mlezi kuliko hicho.

Kwa nini ndama hahitaji tu kushibishwa? Kwa sababu ndovu, kama binadamu, hazaliwi akijua kuishi. Hufundishwa. Utafiti wa Amboseli ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka 1972 umefuatilia familia za ndovu kizazi hadi kizazi, na umeonyesha kuwa majike wazee ndio maktaba ya kundi. Wao hukumbuka sauti za majirani na za wageni, hujua maji yako wapi, hutambua hatari. Mwaka 2014 watafiti walichapisha jambo la kustaajabisha kutoka hukohuko Amboseli: ndovu waliposikizishwa sauti za watu zilizorekodiwa, walijihami zaidi kwa sauti za wanaume wa Kimaasai kuliko za wanaume wa Kikamba, na hawakuhofu kiasi hicho sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai. Wanaume Wamaasai ndio ambao mara kwa mara hukutana na ndovu wakiwa na mikuki. Maarifa ya namna hiyo hayaji na damu peke yake. Ndama huyapata akiwa miguuni pa mama na nyanya zake, akitazama nani anakimbiwa na nani anaachwa apite. Mwaka 2024 utafiti mwingine, uliochambua sauti 469 zilizorekodiwa Amboseli na Samburu, ulitoa ushahidi kwamba ndovu huitana kwa sauti maalumu, kila mmoja na yake, kama sisi tunavyoitana kwa majina. Fikiria basi hasara ya ndama ambaye wote waliojua jina lake wamekufa au wamehama.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Ukame ulipoikumba Tarangire mwaka 1993, watafiti waliokuwa wakifuatilia koo tatu za ndovu waliona ndama 16 kati ya 81 wakifa ndani ya miezi tisa, kiwango kilicho mbali sana na cha kawaida. Familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilipoteza watoto wachache kuliko zilizobaki, na akina mama wenye umri mkubwa waliokoa watoto wao zaidi kuliko akina mama vijana. Maelezo ya watafiti ni kwamba wazee waliwahi kuuona ukame mkubwa kabla ya huo na walikumbuka pa kwenda. Jangili anapomlenga jike mzee kwa ajili ya pembe zake ndefu, huchoma pia ramani ya maji ya familia nzima.

Kisa kinachonishawishi kuliko vyote, hata hivyo, kimetoka Pilanesberg, Afrika Kusini. Miaka ya 1980 ndovu wazima wa mbuga ya Kruger waliuawa kwa mpango wa serikali wa kupunguza idadi, na watoto waliobaki wakahamishiwa mbuga nyingine, Pilanesberg ikiwemo. Walikuwa na majani ya kutosha, maji ya kutosha, ulinzi wa kutosha. Walikua wakawa wakubwa wa mwili. Kisha kati ya mwaka 1992 na 1997 madume vijana miongoni mwao wakaua vifaru weupe zaidi ya 40. Walikuwa wameingia mapema mno katika hali ya ukali inayowapata madume wakati wa kutafuta majike, na hali hiyo iliwakaa muda mrefu kupita kiasi, kwa kuwa hapakuwa na dume mkubwa wa kuwatuliza. Mwaka 1998 wasimamizi wakaleta madume sita wakubwa kutoka Kruger, na mauaji yakakoma. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, watafiti waliwalinganisha ndovu wa Pilanesberg na wale wa Amboseli kwa kuwasikizisha sauti za ndovu wageni. Wale wa Amboseli walijua nani wa kumhofia, wale wa Pilanesberg waliyumba. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita tangu waondolewe kwao, na bado elimu waliyonyimwa utotoni haikuwa imefidiwa.

Ushahidi huu ukiwekwa pamoja, haiwezekani tena kuridhika na picha ya ndama mnene akinyonya chupa. Swali kubwa ni nani atakayemfundisha kuwa ndovu, na jibu la uaminifu ni kwamba binadamu hawezi. Anachoweza ni kumweka hai hadi afike kwa walimu wake. Ndiyo maana ndama wa Nairobi wakifikia miaka mitatu hivi huhamishwa, kwa lori lililotengenezwa kwa kazi hiyo, kwenda vituo vya Voi na Ithumba katika Tsavo Mashariki au Umani katika msitu wa Kibwezi. Huko wageni ni wachache sana. Mchana yatima hutembea porini na hukutana na ndovu wa mwituni, jioni hurudi zizini. Kila mmoja huchukua muda wake. Mwingine huanza kulala nje mapema, mwingine hung'ang'ania zizi miaka mingi, na hakuna anayesukumwa. Shughuli yote yaweza kufika miaka kumi tangu alipookolewa. Ithumba, iliyofunguliwa mwaka 2004, imekuwa shule ambayo wanafunzi wa zamani wanawapokea wapya. Jike aitwaye Mulika, aliyelelewa na watu tangu utotoni, alizaa porini mwaka 2011. Yatta, aliyekuwa kiongozi wa kundi hilo la wahitimu, akazaa mwaka 2012. Wote wawili waliwaleta watoto wao kwa walezi wa zamani kisha wakarudi nao porini. Tangu hapo watoto waliozaliwa na yatima hao wamepita 50. Wapo pia waliopigwa mishale ya sumu huko mbali, wakajikokota wenyewe hadi zizini kutafuta msaada, wakatibiwa na madaktari wa mifugo, wakaondoka tena.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo lina uzito. Ndovu aliyelishwa na binadamu, wasema wanaopinga, hatamwogopa binadamu. Ataingia mashambani, atakaribia barabara, atakuja kuua mtu au kuuawa. Hatari hiyo ni ya kweli, hasa kwa madume. Lakini tazama inatokana na nini. Inatokana na mazoea ya ndama na watu wengi asiowajua, wanaompa vitu na kumpapasa, bila mpaka kati ya mlezi na mpita njia. Kwa hiyo pingamizi hili likifuatwa hadi mwisho wake linaitetea kamba. Mlezi wa kila siku lazima aguswe na ndama, kwa kuwa ndama asiyeguswa hufa kwa huzuni. Mgeni wa saa moja hana sababu hiyo. Mkono wake haumponyi ndama, na unaweza hata kumdhuru, kwani ndovu huambukizwa kifua kikuu na binadamu, jambo lililothibitishwa katika ndovu wanaofugwa. Mgeni anayetaka kumgusa ndama ana hamu nzuri moyoni, sina shaka. Hamu nzuri haitoshi kuwa sababu.

Ugumu ni kwamba neno makao, au hifadhi, au uokoaji, halimzuii mtu yeyote kuliandika kwenye kibao chake. Thailand ndiko linakoonekana hili waziwazi zaidi. Mapema mwaka 1989, baada ya mafuriko mabaya yaliyohusishwa na kukatwa kwa misitu, serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku ukataji wa magogo katika misitu ya asili. Ndovu waliokuwa wakivuta magogo wakakosa kazi pamoja na wamiliki wao, na wote wakaingia katika utalii: kubeba watu, kucheza mpira, kuchora picha kwa mkonga. Ndovu hakubali mambo hayo kwa hiari. Ndama hutenganishwa na mama, hufungwa mahali finyu, hupigwa na kuchomwa kwa kulabu hadi atii. Mwaka 2017 shirika la World Animal Protection lilitoa matokeo ya uchunguzi wa ndovu karibu 3,000 wa kambi za utalii katika nchi kadhaa za Asia, wengi wao wakiwa Thailand, na kukuta kuwa asilimia 77 waliishi katika hali mbaya isiyokubalika. Watalii walipoanza kuona aibu ya kupanda ndovu, kambi nyingi ziliondoa viti vya mgongoni zikaweka kuogesha. Mgeni huingia mtoni, humsugua ndovu, hupiga picha, hurudi nyumbani akiamini ametenda wema. Lakini ndovu anayelazimika kusimama majini mara kadhaa kwa siku akisuguliwa na watu asiowajua bado ni mfanyakazi aliyefunzwa kwa kulabu. Januari 2025 msichana mtalii kutoka Hispania aliuawa na ndovu kusini mwa Thailand katika shughuli hiyohiyo inayoitwa ya upole.

Wamiliki wa ndovu wa Thailand wana jibu lao, na haki inataka lisikilizwe. Ndovu mzima hula kilo 150 au zaidi kwa siku. Nchi ina ndovu wafugwao wapatao 3,800, na misitu iliyobaki haiwezi kuwapokea wote. Ukikataza kupanda na kuogesha, nani atalipa? Ugonjwa wa korona ulionyesha ukubwa wa swali hili: mwaka 2020 watalii walipotoweka, ndovu zaidi ya 100 walitembezwa kutoka kambi za Chiang Mai kurudi vijijini kwa wamiliki wao, kwa kuwa hapakuwa na chakula. Nakubali kwamba kipimo cha kurudi porini hakiwezi kutumika huko kama kinavyotumika Tsavo. Ndovu wa miaka 50 aliyevunjika mguu akivuta magogo, au aliyepofuka, hana pori la kurudia. Kwa huyo makao mema ni yale yanayompa ardhi, wenzake na pumziko hadi kufa, kama Elephant Nature Park ya Chiang Mai iliyoanzishwa na Saengduean Chailert, ambayo wageni wake hutazama bila kupanda. Kitu kimoja lakini hakibadiliki baina ya Chiang Mai na Nairobi: ratiba ya siku ipangwe na mahitaji ya ndovu, na mgeni aingie katika nafasi iliyobaki. Na kambi inayozalisha ndama wapya ili wageni wasikose vitoto vya kupiga picha haiwezi kudai kuwa inaokoa, hata kama kulabu imefichwa.

Turudi Kenya, ambako pingamizi lingine husemwa kwa sauti kubwa zaidi: fedha. Kumlea yatima mmoja ni maziwa ya miaka, mishahara ya walezi, ndege, madaktari. Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000 katika miaka ya 1970 na ikabakiwa na 16,000 hivi kufikia mwaka 1989. Sensa ya taifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 36,280. Idadi haikupanda kwa chupa za maziwa. Ilipanda kwa sababu biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, askari wa wanyamapori wakapewa nguvu, na ardhi ikabaki wazi. Yatima wachache ni tone. Hesabu hii ni sahihi, na anayewatetea yatima kwa kudai kuwa wao ndio wanaookoa jamii nzima ya ndovu anajidanganya. Utetezi wa kweli uko kwingine. Kwanza, fedha hizi nyingi hazingetolewa kwa jambo jingine. Mtu wa mbali anayemfadhili ndama mmoja kwa jina lake amevutwa na uso wa yatima yule, na shirika lililompokea hutumia mapato yake pia kwa vikosi vya kuondoa mitego, ndege za doria na madaktari wa porini wanaofanya kazi na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Pili, ndama wengi wamefiwa kwa sababu yetu. Risasi ni yetu, uzio ni wetu, mtego ni wetu, na ukame unaozidi kuwa mkali una mkono wetu. Serikali ilitangaza kuwa kati ya Februari na Oktoba 2022 ukame uliua ndovu 205 nchini. Deni la namna hiyo halifutwi kwa kusema mdai ni mmoja tu kati ya maelfu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la jirani. Mkulima wa Taita Taveta aliyelala macho wiki tatu akilinda mahindi, kisha akayakuta yamekanyagwa usiku mmoja, akiona kwenye televisheni ndama wa ndovu aliyefunikwa blanketi akinyweshwa maziwa na mtu anayelipwa mshahara, ana kila sababu ya kuuliza nani humfunika yeye. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na malipo hayo yamelalamikiwa kwa miaka mingi kwa kuchelewa. Sioni njia ya kumjibu mkulima huyu kwa maneno matamu kuhusu uzuri wa ndovu. Anastahili fidia kwa wakati, na anastahili msaada wa kuzuia hasara kabla haijatokea, kama uzio wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa Sagalla, ambako ndovu wanaogusa waya huamsha nyuki na wengi hugeuka. Ninachokataa ni kwamba kumnyima yatima chupa kutamletea mkulima fidia yake. Hiyo ni mifuko miwili tofauti. Lakini makao yasiyowanufaisha majirani wa ndovu yamefanya nusu ya kazi, maana ndama atakayeachiliwa leo atakutana na majirani hao kesho, na wao ndio watakaoamua kama ataishi.

Kwa sababu hiyo naiweka Reteti, kaunti ya Samburu, mbele ya nyingine katika jambo hili. Makao hayo yalifunguliwa mwaka 2016 ndani ya hifadhi ya jamii ya Namunyak, chini ya milima ya Mathews, na yanamilikiwa na wenyeji. Walezi, wanaume kwa wanawake, ni Wasamburu. Wengi wa yatima wao huokotwa visimani: wafugaji huchimba visima virefu katika mito mikavu ili kuwanywesha ng'ombe, usiku ndovu huja kutafuta maji hayohayo, na ndama huteleza. Mfugaji anayemkuta asubuhi ndiye hupiga simu. Walezi hujaribu kwanza kumrudisha ndama kwa kundi lake, na hata wakimtoa salama husubiri kuona kama mama atarejea. Kumpeleka makaoni ni hatua ya mwisho. Hapo awali walitegemea maziwa ya unga kutoka nje. Wakati wa korona usafirishaji ulipoyumba waligeukia maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa wanawake wa maboma ya jirani, yakachanganywa na virutubisho, na ndama wakastawi. Mwanamke ambaye zamani ndovu kwake alikuwa hatari ya kisimani sasa humuuzia ndovu maziwa na kupata fedha zake mwenyewe. Wakikua, yatima wa Reteti hupelekwa hifadhi ya Sera kuanza maisha ya porini.

Hifadhi za jamii zenyewe hazikosi mgogoro. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa inavyostahili. Kesi hiyo haikuihusu Reteti, lakini onyo lake linaihusu kila hifadhi iliyo juu ya ardhi ya wafugaji. Kumtendea ndovu haki juu ya ardhi iliyochukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe ni kuhamisha dhuluma kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, na mgeni anayejali uadilifu aulize pia nani mwenye ardhi anayoikanyaga na fedha za kiingilio zinaishia wapi.

Nenda, basi, na upeleke watoto, kwa maana ni vibaya makao haya yajulikane zaidi London kuliko Kitui na Voi, ambako ndovu hao wataishi. Weka nafasi mapema, fika kabla ya saa tano, wafundishe watoto kunyamaza ndama wakinywa. Uliza ni yatima wangapi wameshaondoka, wamekwenda wapi, na nani huwafuatilia huko. Mahali pazuri patakujibu kwa majina na miaka, kwa furaha. Na popote duniani utakapoahidiwa kuwa kwa fedha kidogo zaidi utampanda ndovu, utamwogesha au utamkumbatia kwa picha, usilipe. Geuka uondoke, na uwaambie wanaokuuliza kwa nini.